Kuvuka nchi nzima kwa miguu: New Zealand, Uingereza au Jordan?

Mwezi uliopita alinipigia simu kijana mmoja tuliyebeba naye mizigo njia ya Machame, Kilimanjaro, misimu miwili. "Kaka, wageni tumewapandisha sana," akasema. "Sasa na mimi nataka safari yangu mwenyewe. Nataka nivuke nchi nzima, toka ncha moja hadi nyingine. Nimebaki na tatu na zimenishinda kuchagua." Tatu zenyewe ni Te Araroa ya New Zealand, Land's End hadi John o'Groats kule Uingereza, na Jordan Trail, inayoanzia Um Qais kaskazini mwa Jordan na kuishia Aqaba kwenye Bahari ya Shamu.

Nikamwambia, mdogo wangu, hilo halijibiki kwa salio la dakika kumi. Nitakuandikia. Nilipoanza kuandika nikaona si yeye peke yake mwenye swali hili, kwa hiyo naliweka hapa.

Vigezo kwanza

Picha za njia zote tatu ni nzuri, basi uzuri nauweka kando. Vinavyomrudisha mtu nyumbani kabla ya wakati ni vingine: siku alizonazo na msimu anaoukuta, maji na ardhi anayokanyaga, pa kulala na siku za chakula anachopaswa kubeba, nani atajua akipotea au akivunjika mguu, halafu makaratasi na pesa. Kila njia nitaipitisha kwenye vichwa hivyo hivyo.

Kabla ya hapo tuongee mzigo. Getini Machame mzigo wa mgumu, yaani mpagazi, unawekwa kwenye mizani, kikomo kilo 20, na mteja anapita na kibegi chenye maji na koti la mvua. Hema, mitungi ya gesi, sufuria, mayai, vyote viko kichwani na mabegani mwa wengine. Huko unakokwenda mteja ni wewe, mgumu ni wewe, mpishi ni wewe. Chukua mizani ya jikoni sasa hivi, upime kimoja kimoja: hema, begi la kulalia, godoro la kujaza upepo, jiko, nguo, dawa, chaja. Mimi mara ya kwanza nilifika kilo 14 na nilijiona mjanja. Nilipotoa suruali ya tatu, taulo zito, kisu kikubwa na sufuria ya pili, nikabaki na kilo 9 bila chakula wala maji. Hiyo 9 ishike, tutaijumlisha huko mbele.

Te Araroa, New Zealand

Jina ni la Kimaori, maana yake njia ndefu. Ni kilomita 3,000 na ushee, kutoka mnara wa taa wa Cape Reinga kaskazini hadi Bluff kusini. Ilifunguliwa rasmi Desemba 2011, baada ya mwandishi wa habari Geoff Chapple na wenzake kuipigania tangu miaka ya 1990.

*Siku na msimu.* Tenga miezi 4 hadi 5. Wengi huanza kaskazini kati ya Oktoba na mwanzo wa Desemba, ili milima ya Kisiwa cha Kusini waikute kiangazi, ambacho kule ni Desemba hadi Februari. Ukichelewa kuanza, theluji na baridi vinakusubiri mwishoni, mahali ambapo huwezi kukimbia. Ukigawa kilomita kwa siku 140, mapumziko yakiwemo, ni kama kilomita 21 kwa siku. Inasikika kidogo, mpaka uikute siku ambayo kilomita 12 za msitu wenye tope zinakula saa 9.

*Maji na ardhi.* Hapa ndipo penye habari yenyewe. Unaanza na ufukwe unaoitwa Ninety Mile Beach, maili tisini za jina tu, kwa kuwa urefu wake ni kama kilomita 88. Mtu wa Tanga au Lamu atanielewa haraka: unatembea maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa mgumu kama lami, na yakijaa unasogea juu kwenye mchanga laini unaokunyonya misuli ya miguu. Tazama ratiba ya maji kila jioni, na usisahau bamvua, siku maji yanapojaa kuliko kawaida. Baada ya ufukwe kuna misitu ya Northland, tope hadi kwenye kifundo, na vituo vya kusafishia viatu kwa sababu miti ya kule iitwayo kauri inauawa na ugonjwa unaosafiri kwenye udongo. Vituo hivyo usivipite kama huvioni.

Katikati ya Kisiwa cha Kaskazini njia inaingia mtoni. Sehemu ya Mto Whanganui hupitwa kwa mtumbwi, siku kadhaa za kupiga kasia, na inahesabika kuwa njia halali. Mto huo ulipewa hadhi ya kisheria kama mtu mwaka 2017, jambo ambalo wazee wetu wenye mizimu ya mito wasingelishangaa. Halafu unavuka Mlango wa Cook kwa feri kutoka Wellington hadi Picton, na Kisiwa cha Kusini kinaanza kukufundisha adabu.

Mito ya kule haina madaraja kila mahali. Karne ya 19 watu walikufa maji kwa wingi hadi kuzama kukabandikwa jina la "kifo cha New Zealand". Rakaia na Rangitata zimetolewa kabisa kwenye njia. Hazivukwi kwa miguu, unazizunguka kwa gari, na hakuna wa kukuhesabia umedanganya. Kwa mito midogo kanuni ni fupi: maji yakikimbia kuliko mwendo wako wa kutembea, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, au yakibeba matawi, usiingie. Piga hema, subiri. Mara nyingi mto uliojaa jioni hushuka asubuhi mvua ikikatika. Aliyewahi kuona korongo kavu likigeuka mto ndani ya nusu saa wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi. Shida ni kwamba kusubiri kunakula chakula, ndiyo maana kila ukipiga hesabu ya chakula weka siku moja ya ziada.

*Kulala na kula.* Idara ya uhifadhi ya New Zealand ina vibanda zaidi ya 900 milimani, na kuna pasi ya vibanda unayoinunua mara moja. Usifikirie kambi ya Horombo ya Kilimanjaro na sahani ya supu mlangoni. Ni kitanda cha mbao chenye godoro, tanki la maji ya mvua, choo nje, basi. Ndani kuna daftari la wageni: andika jina, unakotoka na unakokwenda, hata kama hulali hapo, maana waokoaji huanzia kwenye daftari hilo.

Maduka ndiyo tatizo. Milima ya Richmond, kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini, inakutaka utembee siku 7 hadi 10 bila duka. Rudi kwenye mizani: kilo 9, ongeza gramu 800 za chakula kwa siku mara siku 8, ni kilo 6.4, ongeza lita 2 za maji. Kilo 17.4. Mdogo wangu, huo ni mzigo wa Machame, ila huku hakuna bahashishi siku ya mwisho.

*Kupotea na kupatikana.* Njia ina alama, nyingi zikiwa pembetatu za rangi ya chungwa zilizopigiliwa kwenye miti. Mtandao wa simu unapotea kwa siku nzima nzima. Beba kifaa cha dharura kinachoita waokoaji kwa setilaiti. Kinakodishwa huko huko. Hakuna nyoka, hakuna chui, hakuna fisi. Kuna usubi, na usubi wa kusini mwa nchi hiyo unauma kama una kisasi. Ukiumia kwa ajali, mfumo wao wa bima ya ajali humhudumia hata mgeni, lakini maradhi na tiketi ya kurudi ni juu ya bima yako.

*Makaratasi na pesa.* Mtanzania na Mkenya wanahitaji viza, na mwombaji hutakiwa kuonyesha dola 1,000 za New Zealand kwa kila mwezi atakaokaa. Kwa miezi 5, hesabu mwenyewe, kisha weka nauli juu yake. Angalia pia ndege inapita wapi: ikitua Australia unaweza kuhitaji viza ya kupita. Na uwanjani, viatu na hema vyako vitangazwe na viwe vimesuguliwa mpaka kwenye soli. Kuficha kitu chenye udongo au chakula ni faini ya dola 400 papo hapo. Kwa jumla hii ndiyo ghali kuliko zote tatu, kwa sababu tu siku ni nyingi na nauli ni ndefu.

*Inamfaa* mwenye miezi mitano ya kweli, anayependa kukaa na kichwa chake mwenyewe, na asiyeona haya kugeuka mtoni.

Land's End hadi John o'Groats, Uingereza

Kutoka pembe ya Cornwall kusini-magharibi hadi kijiji cha kaskazini mwa Scotland. Kwa barabara ni kilomita 1,407. Kwa miguu, ukikwepa malori, wengi hufika 1,800 hadi 1,900. Nasema "wengi" kwa sababu njia rasmi haipo! Kila mtu anaishona yake. Ndugu wawili, John na Robert Naylor, walitembea urefu huo mwaka 1871 wakitokea kaskazini, na tangu hapo hajatokea wa kusema njia sahihi ni ipi. Na kama unapenda ubishi wa kijiweni: Land's End si ncha ya kusini kabisa ya kisiwa, ncha hiyo ni Lizard, wala John o'Groats si ya kaskazini kabisa, hiyo ni Dunnet Head. Hakuna anayejali.

*Siku na msimu.* Miezi 2 na nusu hadi 3. Anza kusini mwezi wa Aprili, upepo na jua vikupige mgongoni, na ufike Scotland kabla usubi haujaamka vizuri mwezi Juni. Mimi nilitembea kipande cha Milngavie hadi Inverness mwishoni mwa Julai, kwa ushauri wangu mwenyewe, na nitakueleza kilichonipata.

*Maji na ardhi.* Maji hapa hayakuzuii, yanakulowesha. Si mvua ya kwetu inayopiga saa moja ikaisha jua likatoka. Ni manyunyu yanayoanza saa 3 asubuhi na kukufuata kama deni. Soksi hazikauki, na soksi zisipokauka malengelenge yanapata makazi. Beba jozi moja ya kulalia tu, isiyoguswa na kiatu.

Ukiishona njia kwa vipande vinavyojulikana, utatembea ufukwe wa Cornwall wenye panda-shuka zisizoisha, kisha Offa's Dyke kwenye mpaka wa Wales, kisha Pennine Way, kilomita 431 za uti wa mgongo wa England, iliyofunguliwa 1965. Huko juu ardhi ni mboji nyeusi iliyoloa. Sehemu mbaya zimetandazwa mabamba ya mawe, lakini ukikosea bamba unazama hadi goti. Scotland unapokelewa na West Highland Way, kilomita 154, halafu Great Glen Way mpaka Inverness, na mwisho njia ya pwani hadi John o'Groats, ambayo baadhi ya sehemu zake ni nyasi na ukingo wa jabali tu.

*Kulala na kula.* Hapa Uingereza inashinda wenzake kwa urahisi, na inashindwa kwa bei. Karibu kila siku unapita kijiji chenye duka au baa inayouza chakula, kwa hiyo unabeba chakula cha siku 2: kilo 9, kilo 1.6, lita moja na nusu ya maji, jumla kilo 12 na kidogo. Tofauti ya kilo 5 na New Zealand, ukiizidisha kwa magoti yako na siku 80, si ya kupuuza.

Hema lina sheria mbili. England na Wales huruhusiwi kulala porini bila idhini ya mwenye ardhi, isipokuwa sehemu za Dartmoor. Scotland, kwa sheria ya mwaka 2003, una haki ya kupiga hema sehemu kubwa ya ardhi isiyozungushiwa, mradi usiache uchafu. Hata huko kuna kasoro moja inayowakamata wageni: mashariki mwa Loch Lomond, kuanzia Machi hadi Septemba, hema linahitaji kibali. Kuna pia nyumba za mawe zilizoachwa wazi kwa wasafiri milimani, bure, bila umeme wala maji.

Mimi nilipiga hema kando ya ziwa jioni isiyo na upepo. Ilionekana pepo. Dakika ishirini baadaye nilikuwa nakula wali kwa kutembea mduara, kijiko mkono mmoja, mwingine unafukuza usubi, kwa kuwa ukisimama wanaingia puani. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbwa wake alinitazama akacheka, akaniambia nihamie kwenye kilima chenye upepo. Nilihama na sufuria mkononi.

*Kupotea na kupatikana.* Ramani zao ni hodari, kila uzio umechorwa, na njia za jadi za wapita kwa miguu zinalindwa kisheria. Kupotea kabisa ni kazi. Hatari yako ni ukungu milimani, baridi ya maji na kupe kwenye nyasi ndefu. Jikague miguu kila usiku.

*Makaratasi na pesa.* Viza ya mgeni hutolewa hadi miezi 6, na hapo pana mtego ambao ulininasa mara ya kwanza. Kwenye fomu nilieleza nitatembea wiki kadhaa na kulala kwenye hema. Nikanyimwa, na nikiiangalia fomu ile leo hata mimi ningejinyima: hakuna hoteli, hakuna anwani, hakuna tarehe. Mara ya pili niliambatanisha jedwali la kila siku, natoka wapi nafika wapi, viwanja vya kambi nilivyoshika, barua ya mwajiri na taarifa za benki za miezi sita. Nikapata. Ushauri huo ubebe kwa nchi zote tatu.

Kitanda na chakula cha baa vitakumaliza usipojizuia. Kama una ndugu kule, na wengi wetu tunaye shangazi au binamu London au Reading, mwombe akupokelee vifurushi. Njia haipiti mlangoni kwake, ila posta yao ni ya uhakika.

*Inamfaa* anayetaka umbali bila upweke mkubwa, mtu mzima wa miaka 50 au 60 anayetembea polepole, na yule ambaye angependa kukatisha katikati bila maafa. Karibu kila mji una treni au basi la kukurudisha.

Jordan Trail

Kilomita 675 hivi, kutoka Um Qais, mahali unapoona Ziwa Tiberias chini yako, hadi bahari ya Aqaba. Imegawanywa kanda 8 na inapita vijiji kama 75. Ilianza kutembewa rasmi kwa ukamilifu mwaka 2017.

*Siku na msimu.* Siku 36 hadi 42. Gawanya: kilomita 17 kwa siku, chache kuliko wenzake. Si uvivu, ni makorongo. Wadi Mujib, Wadi Hasa na nduguze ni mipasuko mikubwa inayokata nchi kuelekea Bahari ya Chumvi, na kila mmoja unashuka mpaka chini na kupanda upande wa pili. Nenda Machi hadi Aprili, au Oktoba hadi Novemba. Kiangazi hakitembeleki. Katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi: ukifunga, utapata ftari za kukumbukwa vijijini lakini mchana ni mgumu, usipofunga, beba chakula chako na ule faragha.

*Maji na ardhi.* Kule maji yanakuzuia au yanakulowesha, hapa huyapati. Kaskazini kuna misitu ya mialoni ya Ajloun, mizeituni na chemchemi. Kuanzia Dana kwenda kusini unahesabu lita. Lita 5 hadi 6 kwa siku, na ukivuka siku 2 bila chanzo ni lita 12, yaani kilo 12. Ongeza kilo 9 na chakula, umepita kikomo cha geti la Machame. Kwa hiyo wengi hupanga gari la mwenyeji liwapelekee maji mahali fulani jioni, au hutembea na kundi. Si aibu, tumefanya kazi hiyo kwa ajili ya wengine miaka yote. Halafu, kwa kejeli, maji yale yale yanaweza kukuua: mvua ikinyesha mbali huku kwako jua linawaka, korongo linaweza kufurika ghafla. Usilale ndani ya wadi mawingu yakiwa milimani.

*Kulala na kula.* Hema, kambi za Mabedui, na nyumba za wenyeji wanaopokea wasafiri. Mtu wa Kiswahili ana faida asiyoijua mpaka afike. Chai ni shai, sukari ni sukkar, dakika ni daqiqa, na safari yenyewe tumeichukua kwao. Tahadhari na neno moja: mzee akisimama mlangoni akakuambia "tafaddal", hakuombi kitu. Anakukaribisha. Ingia, keti, na usimalize haraka kikombe cha kwanza kwa kuwa cha pili kinakuja. Kwa Mwislamu suala la chakula halali na msikiti limekwisha kabla ya kuanza. Kwenye njia zile nyingine utakula dengu na mayai siku nyingi.

*Kupotea na kupatikana.* Sehemu kubwa haina alama. Unafuata mchoro wa GPS kwenye simu, na simu inataka umeme, kwa hiyo pawabenki mbili. Kama hujawahi kusoma njia kwa simu, chukua kiongozi, hasa kati ya Dana na Petra, mji wa kale uliochongwa mwambani, na kwenye jangwa la Wadi Rum. Chama kinachosimamia njia huandaa kila mwaka safari ya kundi ya mwanzo hadi mwisho, ambayo ni suluhisho la maji, njia na upweke kwa mpigo. Mipaka ya Jordan imezungukwa na mambo mazito. Soma habari za eneo wiki ile unayonunua tiketi, si mwaka uliopita.

*Makaratasi na pesa.* Ubalozi ukuambie hali ya viza kwa pasipoti yako. Watu hudhani Jordan ni bei rahisi. Dinari yao imefungwa kwenye dola kwa bei isiyobadilika, na moja ni kama dola 1.41 za Marekani. Kiingilio cha Petra pekee, kwa mgeni anayelala nchini, ni dinari 50 kwa siku moja, na njia inakuingiza mle kwa mlango wa nyuma, ukishukia kwenye jengo la Ad-Deir wakati watalii wa mabasi wanapanda ngazi kulifikia. Hata hivyo, kwa kuwa siku ni 40 tu na nauli kutoka Dar au Nairobi ni fupi, jumla yake kwa kawaida ndiyo ndogo.

*Inamfaa* mwenye likizo ya mwezi na nusu, anayependa watu na historia, na anayevumilia jua kuliko mvua.

Mbona usitembee kwetu?

Najua swali linakuja. Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200, na babu zetu waliitembea wakiongozwa na kirongozi, kila mpagazi na mzigo wa kama frasila 2, yaani kilo 32. Leo sehemu kubwa ni barabara ya malori, hakuna alama wala vibanda. Naitamani. Ila hiyo ni safari ya kutengeneza, na kijana wangu aliuliza ya kuchagua.

Chagua kwa hali yako

Mwajiri amekupa likizo ya wiki 6 na si zaidi: Jordan ndiyo pekee utakayoimaliza. Kutembea theluthi ya Te Araroa ni safari nzuri, lakini hukuvuka nchi.

Magoti yanalalamika, au unaanza baada ya miaka 50: Uingereza, kwa sababu ya zile kilo 12. Jordan nayo inawezekana gari likibeba maji na hema.

Hujui kuogelea na mito inakutisha: iweke New Zealand mwisho, au tafuta wenzako kwenye vibanda vya mwanzo wa Kisiwa cha Kusini na mvuke pamoja. Wanaotembea kuelekea kusini ni wengi, utawapata.

Mwanamke anayesafiri peke yake ataona vibanda vya New Zealand na vijiji vya Uingereza vina wasafiri wenzake kila jioni. Jordan, kwa upande wa kaskazini hasa, safari ya kundi au nyumba za familia zitampa utulivu zaidi.

Una pesa ya njia moja lakini viza inakutia mashaka: omba kwanza, lipa tiketi baadaye. Usimkabidhi wakala pesa ya nauli kabla karatasi haijatoka. Kuna mmoja alinila nauli nzima hivyo, na mpaka leo simu yangu haipokei.

Unasafiri wawili na mwenzako anatembea taratibu kuliko wewe: Uingereza mnaweza kuachana asubuhi na kukutana jioni kijijini. Kwingine kote mnatembea kwa mwendo wa aliye nyuma.

Na kama hujawahi kulala nje usiku mitatu mfululizo ukiwa umebeba kila kitu mwenyewe, usichague bado. Panda basi hadi Lushoto, tembea mpaka Mtae kupitia Rangwi, siku 3 au 4, na mzigo wa kilo 17 hata kama nusu yake ni mchele wa kumpelekea mtu. Jioni ya pili, ukikaa ukingoni unafungua kamba za viatu, andika kwenye simu kitu ulichobeba na hukukigusa. Nitumie orodha hiyo, halafu tuzungumze nchi.